Boksi Lilikuwa Mezani

Mwaka jana mama mmoja nisiyemjua aliandika swali chini ya picha: "Hii ni salama kwa watoto?" Nikamjibu ndani ya dakika moja: "Ndiyo mpenzi, ni asili." Nikaongeza na kakatuni ka ua. Kisha nikaendelea kunywa chai yangu.

Sikuwa nimemdanganya, kwa ile maana ya kudanganya tuliyofundishwa tukiwa wadogo. Mwongo ni mtu anayejua ukweli halafu anasema kingine. Mimi sikuwa najua. Ungenishika siku ile uniambie niape, ningeapa. Na hiyo ndiyo sababu naandika haya, kwa maana nimekaa na hiyo dakika moja karibu mwaka mzima na bado sijajua niiweke wapi. Kuna neno ambalo sote hulikimbilia tukishikwa: sikujua. Mtoto amevunja kikombe, sikujua. Fundi ameunganisha nyaya vibaya, sikujua. Nataka kuuliza neno hili linatuokoa lini, na ni lini lenyewe ndilo kosa.

Wacha nianze mwanzo.

Mimi ni wa Isiolo, Bulla Pesa. Nilisoma huku, nikaenda chuo Nairobi, nikarudi mwaka wa tatu karo iliposhindikana. Watu mtaani bado huniuliza nitaenda lini kumaliza, nami huwajibu "karibuni, inshallah," na wote tunajua. Kwa sasa naishi kwa kuandika. Nawaandikia watu barua za kuomba basari ya kaunti, wasifu wa kutafutia kazi, hotuba za harusi, na sanasana maneno ya kutangaza biashara kwenye Facebook na Instagram. Mwenye maziwa ya ngamia, mwenye mabaibui, mwenye boda tatu. Yale maneno ya "karibuni sana wateja wetu wapendwa" unayoyapita bila kuyasoma, kuna mtu huyaandika. Mara nyingine mtu huyo ni mimi.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa na saluni. Sitasema ni ipi, na ukidhani umeijua, pengine umekosea, kwa maana zinafanana. Chumba kimoja, pazia mlangoni, mkeka, mito, kioo kikubwa chenye ufa. Mwenyewe ni mama wa watoto watatu ambaye mume alienda safari ya Moyale na hakurudi, wala hakufa. Alikuwa akinitumia shilingi 1,500 kwa mwezi kwa M-Pesa ili nimshikie ukurasa wake: nipige picha, niandike maelezo, nijibu wateja. Nilimpenda. Bado nampenda. Nikifika alinitilia chai kabla sijaketi.

Kazi yake kubwa ilikuwa hina. Huku kwetu hina haina kabila moja. Wasomali wanaiita cillaan, Waborana wanajipaka, na siku hizi hata rafiki zangu Wameru na Waturkana wakialikwa harusi wanataka mkono mmoja uchorwe. Na inafaa sana kwa mji kama huu, ambapo wengi wetu ni Waislamu na chale ya kudumu hairuhusiwi. Hina inakupa pambo bila kiapo. Leo una maua hadi kwenye kiwiko, baada ya wiki mbili tatu umerudi ulivyokuwa.

Ukweli ni kwamba kwenye ile saluni kulikuwa na vitu viwili, na vyote viliitwa hina.

Cha kwanza ni hina yenyewe. Majani ya mhina hukaushwa, husagwa hadi yawe unga wa kijani, huchekechwa kwa kitambaa chepesi ili usizibe koni. Unga mwingi tunaoupata hutoka India, ambako mji wa Sojat huko Rajasthan umejenga jina kwa biashara hii, ingawa mhina ni mmea wa nchi kavu na hata Kenya huota kandokando ya mito ya maeneo ya joto. Unga huchanganywa na maji ya ndimu na sukari kidogo, halafu unaachwa saa kadhaa. Asidi ya ndimu husaidia kuitoa rangi iliyomo ndani ya jani, ambayo wanakemia wanaiita lawsoni, kutokana na jina la kisayansi la mmea, Lawsonia inermis. Rangi hiyo hushikana na keratini, ile protini iliyoko kwenye ngozi ya juu, nywele na kucha. Ndiyo maana kiganja na nyayo, penye ngozi nene, hukolea kuliko popote. Ukibandua hina unaona rangi ya chungwa iliyopauka, unavunjika moyo. Ngoja siku mbili. Itageuka kahawia, nyekundu iliyoiva. Hina haina haraka, na haijawahi kuwa nyeusi.

Cha pili ni piko. Neno hili pwani wanalijua zaidi, Lamu na Zanzibar, lakini sasa liko kila mahali. Piko ni nyeusi kama wino. Unaipaka, unakaa kama saa moja, unaosha, na mchoro uko tayari kupigwa picha. Mistari yake ni mikali kama ya kalamu. Vijana wanaipenda kwa sababu inafanana na tatoo, na mabibi harusi wanaipenda kwa sababu inaonekana vizuri kwenye simu. Mara nyingi hiyo ni rangi ya nywele ya unga, iliyokorogwa na maji, ikapewa jina la nyumbani.

Kilicho ndani yake ni kemikali iitwayo parafenilenidiamini, PPD kwa kifupi. Imetumika kwenye rangi za nywele tangu mwishoni mwa karne ya 19, na haitoki kwenye jani lolote. Inatoka kwenye ukoo wa rangi zilizozaliwa kutokana na lami ya makaa ya mawe. Umoja wa Ulaya unaruhusu isizidi asilimia 2 kwenye rangi ya nywele inapofika kichwani, na kwa kuchora ngozi hairuhusiwi kabisa. Huko Umoja wa Falme za Kiarabu, watafiti walipopima hina nyeusi za saluni, walikuta nyingine ina karibu asilimia 30. Mwaka 2006 chama cha madaktari wa mizio ya ngozi cha Marekani kiliipa PPD cheo ambacho hakuna anayekitamani: kisababishi cha mzio cha mwaka.

Haya yote nimeyajua baadaye. Ningeweza kuyajua mapema, na sasa nakuja kwenye boksi.

Siku niliyopiga ile picha, mteja alikuwa amemaliza kuchorwa piko mikono yote miwili, na mwangaza wa mlangoni ulikuwa mzuri. Mezani kulikuwa na kikombe cha ule uji mweusi, brashi nyembamba, kitambaa, na boksi la rangi ya nywele lililofunguliwa. Boksi lilikuwa na picha ya mwanamke mwenye nywele zinazong'aa. Ubavuni lilikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, ambayo mimi nasoma vizuri sana, kwani si ndiyo kazi yangu? Yalisema usitumie kwenye kope wala nyusi. Yalisema bidhaa hii inaweza kusababisha mzio mkali. Yalisema ijaribu kwenye sehemu ndogo ya ngozi saa 48 kabla.

Sikuyasoma. Nilichofanya ni kulisogeza boksi lisiingie kwenye picha.

Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia liliharibu picha. Lilikuwa limechanika, lina madoa. Hiyo ni kweli kabisa. Lakini kitambaa nacho kilikuwa na madoa na sikukigusa. Kisha nikaketi mkekani nikaandika: "Hina ya asili, nyeusi tii, haina madhara." Nikaposti.

Miezi michache baadaye binti wa mamangu mdogo alikuja kutoka Garba Tulla kwa harusi ya jirani yetu. Ana miaka 19. Nilimpeleka mimi mwenyewe pale saluni, nikamwombea punguzo. Idd iliyotangulia alikuwa amepakwa piko hapo hapo na hakupata hata kipele. Safari hii, siku ya pili mkono ulianza kumwasha. Siku ya tatu mistari yote ilikuwa imevimba, kila jani na kila ua, na malengelenge yakafuata mchoro kama yameelekezwa. Hospitalini daktari aliuliza swali moja tu kabla hata hajafunua kitambaa: "Ulipaka piko?"

Alitueleza kwa upole. Mara ya kwanza mwili unaweza kuikutana na hiyo dawa na usionyeshe kitu, huku ndani umeshaiweka kwenye orodha ya maadui. Mara ya pili unapigana. Na orodha hiyo haifutwi. Rangi za nywele zenye PPD ni marufuku kwake maisha yake yote. Akienda kung'oa jino au kushonwa, amtajie daktari, kwa sababu kuna dawa fulani za ganzi ambazo ni jamaa wa karibu wa kemikali hiyo na mwili wake unaweza kuzichanganya. Malengelenge yalikauka baada ya wiki tatu. Yalipobanduka, ngozi chini yake ilikuwa imepauka. Ua lile lile, kuanzia kifundoni hadi kidole cha shahada, sasa liko kwa rangi nyeupe. Pengine litarudi rangi yake, pengine la. Alichagua pambo la wiki mbili.

Nilipoenda kumwambia mwenye saluni, alishtuka, akamtumia pole na pesa ya dawa. Kisha akajitetea, na nataka niueleze utetezi wake kwa haki, kwa sababu si wa kijinga.

"Dadangu," aliniambia, "mimi nimepaka piko miaka sita. Hesabu mikono. Nimeona mmoja, wawili wakiwashwa. Karanga pia huua watu, kwani soko limefungwa? Na mimi dukani nimeuziwa kama dawa ya kupaka. Nikikataa kupaka piko, wanavuka barabara kwa jirani, na jirani hana hata maji ya kunawa. Wewe uliyesoma, mbona hukuniambia?"

Hilo la mwisho ndilo lililobaki nami.

Kwa sababu ukitazama vizuri, kila mtu kwenye mlolongo huu ana "sikujua" yake. Mwagizaji aliagiza rangi ya nywele, hakujua itapakwa mikononi. Mwenye duka aliuza alichoombwa. Mama wa saluni hasomi maandishi madogo ya Kiingereza. Mimi ni mwandishi tu. Binamu alitaka kupendeza. Ukijumlisha "sikujua" zetu zote unapata mkono wenye kovu na hakuna aliyeufanya.

Muhula wangu wa pili chuoni tulifundishwa insha ya mwanahisabati mmoja Mwingereza, W. K. Clifford, aliyeichapisha mwaka 1877, miaka miwili kabla ya kufariki akiwa na miaka 33. Ni moja ya vitu vichache nilivyotoka navyo pale bila cheti. Clifford anasimulia habari ya mwenye meli. Meli ni kuukuu, imetengenezwa mara nyingi, na sasa inataka kubeba wahamiaji wengi. Mwenyewe ana wasiwasi. Lakini anaanza kujisemesha: imeshaenda safari nyingi ikarudi, Mungu atawalinda, mafundi nao wana maneno mengi. Polepole wasiwasi unakufa, anaamini kwa moyo mweupe kwamba meli ni nzima. Inazama katikati ya bahari. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile, hata kama imani yake ilikuwa ya kweli, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Aliipata imani hiyo kwa kuyanyamazisha maswali yake.

Halafu anageuza hadithi. Tuseme meli ilifika salama. Je, hatia inapungua? Clifford anasema haipungui hata chembe. Kosa lilishafanyika pale bandarini.

Darasani tulibishana sana kuhusu sehemu hiyo ya pili. Mimi nilikuwa upande wa kusema Clifford amezidi. Kama hakuna aliyeumia, kosa liko wapi? Leo naona mikono yote ile ya miaka sita iliyochorwa piko na haikupata kitu. Hizo ndizo safari za meli zilizofika. Mama wa saluni anazihesabu kama ushahidi kwamba piko ni salama. Lakini daktari alishatueleza: mwili wa binamu yangu wakati wa Idd ulikuwa kimya, si salama. Safari iliyofika haikumwambia mtu chochote kuhusu mbao za meli.

Kuna kisa kingine ambacho sikuhitaji chuo kukijua. Madrasa tulisimuliwa jinsi Mtume (S.A.W.) alivyopita sokoni akakuta rundo la nafaka. Akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akaeleza kwamba mvua iliinyeshea. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wapate kuiona, na akamweka mtu anayefanya hivyo nje ya kundi la watu wake. Nilipokuwa mdogo nilidhani kisa hiki ni cha watu wezi. Nikikirudia sasa naona jinsi yule mfanyabiashara alivyofanya kidogo. Mvua hakuileta yeye. Hakuna mahali tunaambiwa alitamka uongo. Alipanga tu kipi kiwe juu na kipi kiwe chini.

Mimi nililisogeza boksi.

Sasa, unaweza kuniambia najionea. Huwezi kuchunguza kila kitu. Ukitaka kujua kila kilichomo kwenye unga wa ugali, mafuta ya kupikia, dawa ya mswaki, utakufa njaa na meno yameoza. Mtu maskini hana maabara. Hilo nakubali kabisa. Clifford akisomwa na mtu wa Isiolo anayeamka saa kumi na moja kutafuta chakula cha watoto, anaonekana kama mtu aliyekuwa na muda mwingi. Siwezi kumdai mama wa saluni apime asilimia za PPD.

Kwa hiyo nimejaribu kutafuta kipimo kidogo, kinachobebeka. Wazee husema kuuliza si ujinga. Nadhani kila mtu anawiwa swali lililo karibu na mkono wake. Mama wa saluni, swali lake lilikuwa: wale wawili waliowashwa, waliwashwa na nini? Mwenye duka, lake lilikuwa: huyu ananunua rangi ya nywele maboksi kumi kila wiki, anapaka nywele za nani? Langu lilikuwa rahisi kuliko yote. Lilikuwa limeandikwa, kwa lugha ninayoisoma, umbali wa mkono mmoja. Aristotle anasema kuna miji iliyompa mlevi adhabu mara mbili kwa kosa alilofanya akiwa hajitambui, kwa sababu kulewa kulikuwa mikononi mwake. Kutojua kwangu nako kulikuwa mikononi mwangu. Nilikushika kabisa, nikakusogeza pembeni.

Na kuna lile neno. Asili.

Nimeliandika mara ngapi? Asali ya asili, sabuni ya asili, dawa ya asili. Ni neno linalouza kwa sababu linamwambia msomaji apumzike, asiulize tena. Lakini hata kama ingekuwa hina ya kweli ya majani, bado neno lile halikujibu swali la yule mama. Madaktari wameandika kuhusu watoto wachanga waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao chembe zao nyekundu za damu zilivunjika baada ya kupakwa hina halisi, isiyochanganywa na kitu. Upungufu huo uko zaidi kwa watu wa maeneo yenye malaria, yaani sisi. Na ukitaka ushahidi wa karibu, shika barabara ya kwenda Archers Post utazame waridi la jangwani, lile ua zuri lenye shina nono. Ni la asili kabisa. Utomvu wake hutumika kutia sumu kwenye mishale.

Asili inakwambia kitu kimetoka wapi. Haikwambii kitakufanya nini. Mama aliuliza la pili, nikamjibu la kwanza, na hata hilo la kwanza nilikosea.

Rafiki yangu mmoja, tunayebishana naye kila jioni, ana hoja nyingine. Anasema watu wazima wana haki ya kujipaka watakacho. Mbona watu wanajua sigara inaua na bado wanavuta? Wanajua miraa inanyima usingizi na gari za Maua hazijawahi kurudi na mzigo. Kama bibi harusi anataka nyeusi, mpe nyeusi. Nami nakubaliana naye zaidi ya anavyodhani. Sitaki kuwa polisi wa mikono ya watu. Lakini pakiti ya sigara ina onyo mbele, na mtu anavuta akiwa ameliona. Ibara ya 46 ya Katiba yetu inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu anachonunua. Binamu yangu hakuchagua PPD. Alichagua kitu kilichoitwa hina. Huwezi kusema mtu amekubali jambo ambalo umemfichia jina lake. Na mtoto wa miaka minne anayeletwa asubuhi ya Idd, ananyoosha viganja huku anacheka, yeye hachagui hata ukimsomea boksi zima.

Nilienda Garba Tulla kumwomba binamu msamaha. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia yale maneno ya "haina madhara" niliyaandika mimi, na boksi nililiona. Alinisikiliza huku anachambua mchele, kisha akasema, "Kwani mimi nilisoma? Mimi niliangalia picha tu."

Nilitaka kucheka. Kumbe maneno yangu hayakumfanya lolote. Angeenda hata bila mimi. Kwa muda kidogo nilihisi nimefunguliwa mzigo, nikajiambia basi, hata hakusoma. Usiku ule nikiwa nimelala kwa mamangu mdogo ndipo nilipoielewa sehemu ya pili ya hadithi ya Clifford, ile niliyoipinga darasani. Binamu yangu ilikuwa ni bahati yangu tu. Alikuwa msomaji ambaye maneno yangu hayakumfikia. Yule mama alikuwa ameyasoma, akasita, akauliza. Alifanya kile hasa ninachosema sote tunawiwa kufanya. Aliuliza swali lililo karibu na mkono wake, na mtu aliyekuwa upande wa pili wa swali alikuwa mimi.

Nilirudi kwenye ukurasa nikamtafuta. Jina lake lilikuwa la kawaida, picha yake ilikuwa ya mtoto mwenye kofia. Nikamwandikia kwamba mwaka jana uliniuliza swali, nikakujibu vibaya. Ile haikuwa hina, ilikuwa rangi ya nywele, na haifai kwa watoto wala kwa ngozi ya mtu yeyote. Kama ulimpaka na hakupata kitu, tafadhali usimpake tena, kwa sababu mara ya pili inaweza kuwa tofauti. Samahani. Nilisoma ujumbe ule mara nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kulipwa kuandika. Haukuwa na neno asili.

Ile picha niliifuta. Mwenye saluni hakupenda, na hakunipa kazi tena kwa miezi miwili. Kisha kabla ya Idd alinipigia, akaniambia nimwandikie karatasi ya kubandika ukutani. Nilidhani ameacha piko. Hajaacha. Alitaka karatasi iseme watoto ni hina nyekundu pekee. Nikamuuliza na watu wazima je? Akanyamaza, akasema, "Wakiuliza, nitawaambia." Nikamwambia wengi hawatauliza. Akasema basi andika na hilo, lakini kwa herufi ndogo.

Nikaandika kwa herufi sawa na nyingine. Aliitazama ile karatasi kwa muda, akatoa gundi, akaibandika mwenyewe, nyuma kidogo ya pazia. Ukiingia na pazia limefunguliwa huioni. Nimeshalisogeza pazia mara mbili nikienda kunywa chai. Yeye hulirudisha.

Ule ujumbe kwa yule mama unaonyesha kwamba umesomwa. Hajajibu. Sijui kama ana mtoto mwenye mkono mzima au mtoto mwenye ua jeupe, na safari hii sikujua yangu ni ya kweli, kwa sababu niliuliza.